Wanachama Wako Wapi? Somo la Kulea Viongozi na Kushirikisha Watu Wote Katika Jumuiya



Kuna swali moja ambalo viongozi huuliza karibu kila mahali tunapotembelea jumuiya na vikundi vya kujisaidia: "Watu wetu wamelegea. Tufanye nini ili warudi?" Jumuiya ina nyumba 24 kwenye daftari, lakini jioni ya sala wanakuja saba. Kikundi cha maji kina wanachama 30, na siku ya kuchimba mtaro wanakuja tisa, tena ni wale wale wa kila siku. Mwenyekiti analalamika, katibu anaandika majina ya wasiofika, faini inapandishwa. Mwezi unaofuata wanakuja watano.

Somo letu lina neno moja tu. Mara nyingi watu hawaondoki kwa sababu ya uvivu. Wanaondoka kwa sababu hawakupewa kazi, hawakuulizwa maoni, na hawakusomewa hesabu. Tukiyarudisha haya matatu, watu hurudi, na kati yao tunapata viongozi wa kesho.

Namna ya kutumia somo hili

Somo linatosha mikutano miwili. Tutafuata njia ambayo wengi wenu mnaijua kutoka Kampeni ya Kwaresima: TUONE, TUAMUE, TUTENDE. Mkutano wa kwanza mfanye Tuone, na wa pili mfanye Tuamue na Tutende. Mtahitaji Biblia, daftari la jumuiya, na konzi moja ya mahindi makavu. Msimamizi asihubiri. Kazi yake ni kuuliza na kungoja jibu, hata watu wakinyamaza kidogo.

TUONE

*Igizo fupi (dakika tano)*

Watu sita wajitolee kuigiza. Ni jioni, nyumbani kwa Mwenyekiti. Viti 20 vimepangwa, waliokaa ni watano.

MWENYEKITI: Hata leo tuko watano! Mimi nimechoka na hawa watu. Sala naongoza mimi, kwa Padri naenda mimi, mchango nakumbusha mimi. Kwani jumuiya hii ni yangu?

KATIBU: Mzee, tupeleke majina parokiani. Asiyekuja mara tatu, mtoto wake asibatizwe.

MWEKA HAZINA: Na asiyetoa mchango wa paa tusimzike. Hapo utaona watakuja mbio.

KIJANA: Samahani, wazee. Mimi nilikuwa nauliza, ule mchango wa mwaka jana ulifika pesa ngapi?

MWEKA HAZINA: Wewe umeanza kuja juzi tu. Pesa ziko salama, ziko kwa simu yangu.

KIJANA: Sisemi zimepotea. Nauliza tu.

MWENYEKITI: Kijana, hapa si mahali pa siasa. Tuendelee.

MAMA: Lakini Mzee, hata mimi ningependa kujua.

MWENYEKITI: Mama, tutaongea hayo siku nyingine.

JIRANI (anaingia akihema): Hodi! Mnisamehe kwa kuwakatiza. Yule mama mjane wa kule mtoni, nimemkuta ameanguka mlangoni. Amekuwa mgonjwa wiki tatu, na hakuna mtu aliyejua. Hata maji ya kunywa hana ndani ya nyumba.

KATIBU (anafungua daftari polepole): Wiki tatu? Ni kweli. Nimemwandika hapa. "Hajafika. Hajafika. Hajafika."

(Wote wananyamaza. Mwisho wa igizo.)

*Maswali ya kuzungumza wawili wawili, halafu wote pamoja*

1. Mmeona nini katika igizo hili? Semeni mliyoyaona kwanza, kabla ya kutoa hukumu.
2. Kwa nini Mwenyekiti amechoka?
3. Kijana atarudi wiki ijayo? Kwa nini?
4. Katibu alijua mama hakufika mara tatu. Ni nini alichokosa kujua?
5. Haya yanatokea kwetu? Namna gani?

*Zoezi la punje za mahindi*

Watu wakishazungumza, waketi kwa duara. Msimamizi aulize: mwezi uliopita jumuiya yetu ilifanya kazi gani na gani? Kuongoza sala, kusoma Neno, kupika chai, kwenda parokiani, kukusanya mchango, kutembelea mgonjwa, kupatanisha majirani, kufagia kanisa. Kwa kila kazi, punje moja iwekwe mbele ya mtu aliyeifanya. Mkimaliza, angalieni chini.

Vikundi vingi hushangaa kuona punje karibu zote ziko mbele ya watu watatu au wanne. Walio na punje nyingi ndio wanaosema wamechoka, na wasio na punje hata moja ndio wanaoitwa walegevu. Msilaumiane. Zoezi hili ni la kutuonyesha jinsi kazi ilivyokaa. Mtu asiye na punje akikosa kuja, hakuna kazi inayosimama. Yeye mwenyewe anajua hivyo, na ndiyo maana haoni hasara kubaki nyumbani.

TUAMUE

*Neno la Mungu: Matendo ya Mitume 6:1-7*

Someni polepole, mara mbili. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limeongezeka watu, na likaja lalamiko. Wajane wa wale Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Kumbe hata katika Kanisa la kwanza kabisa, wakati Mitume wenyewe walikuwa hai, wajane walisahauliwa!

Tuangalie walichofanya Mitume. Hawakuwanyamazisha waliolalamika, wala hawakusema kwamba hiyo ni siasa. Pia hawakujaribu kubeba kazi hiyo juu ya ile waliyokuwa nayo, kwa sababu walijua wataiharibu yote miwili, Neno na meza. Waliita waamini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Watu ndio waliochagua, na Mitume wakawaombea na kuwawekea mikono.

Halafu soma yale majina saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki. Inaonekana kazi ya kugawa chakula ilipewa watu wa upande ule ule uliokuwa unaumia na kulalamika. Tafakarini hapo. Yule kijana wetu aliyeuliza habari za pesa, je, hakuwa ndiye mtu wa kupewa kazi ya kusaidia hesabu?

Na matokeo yake ni nini? Mstari wa 7 unaeleza kwamba Neno lilienea na wanafunzi wakaongezeka sana. Kazi ilipogawanywa, watu waliongezeka.

Mkipata nafasi, someni pia Kutoka 18:13-27. Musa alikuwa akiamua kesi za watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Mkwe wake Yethro alimwambia wazi kwamba atachoka yeye, na watu pia watachoka. Akamshauri aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mwangalie hesabu ya mwisho: kumi. Kiongozi wa watu kumi anajua ni nani anaumwa.

*Mafundisho ya Kanisa*

Jumuiya Ndogo Ndogo hazikuanzishwa ili kukusanya mchango kwa urahisi. Maaskofu wa Afrika Mashariki katika shirikisho lao la AMECEA walikutana Nairobi mwaka 1973, wakaona kwamba maisha ya Kanisa lazima yajengwe pale watu wanapoishi, wanapolima na wanapozikana. Mwaka 1976 waliifanya kazi ya kujenga jumuiya hizi kuwa ya kwanza katika uchungaji wao. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikatufundisha kuliona Kanisa kama Familia ya Mungu. Sasa jiulizeni: katika familia, mtoto akikosa chakula cha jioni siku tatu, tunaandika "hajafika"?

Kuhusu kutisha watu kwa ubatizo na mazishi, tuseme wazi kwa sababu jambo hili limeumiza wengi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kifungu cha 848, inataka maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kifungu cha 1181 kinasema hivyo kuhusu mazishi: maskini asinyimwe mazishi ya haki. Kutegemeza Kanisa ni wajibu wetu, na kila mmoja atoe kadiri anavyoweza, awe na pesa, debe la mahindi au nguvu za mikono. Lakini ubatizo wa mtoto na jeneza la marehemu si fimbo ya kukusanyia deni. Mtu aliyeletwa kwa hofu hukaa nyuma, hutoa kidogo, na huondoka mapema.

TUTENDE

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Msichukue yote kwa siku moja. Chagueni mawili au matatu mnayoyaweza.

*1. Gaweni kazi ziwe ndogo na ziwe na jina*

Usimwambie mtu, "Uwe unatusaidia." Mwambie, "Mama, tunakuomba uwatembelee wagonjwa wa upande wa mtoni kwa miezi mitatu, pamoja na Baba wa nyumba ya tatu." Kazi iwe na jina, mahali, muda na mwenzako wa kufanya naye. Zaidi ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, jumuiya inaweza kuwa na mtu wa Neno na sala, wa wagonjwa na wajane, wa upatanisho, wa haki na amani, wa watoto, wa vijana, wa kukaribisha wageni, na wa kilimo na mazingira. Kila mmoja awe na msaidizi. Hesabu mwenyewe: kazi kumi na moja na wasaidizi wao ni watu 22. Katika nyumba 24, karibu kila nyumba ina punje yake.

Hapa tuangalie jambo moja. Katika jumuiya nyingi akina mama ndio wengi, lakini kiti cha mbele kinakaliwa na mzee mmoja, na vijana wanaitwa siku ya kubeba viti tu. Mpeni kijana daftari, au simu ya kikundi, au kazi ya kusoma taarifa, muone kama hatakuja. Na mwulizeni mama ni saa ngapi anaweza kufika. Mkutano ukiwekwa saa ya kukamua ng'ombe na kupika, msiseme akina mama wamelegea.

*2. Daftari lianze kuuliza*

Katibu akiandika "hajafika" mara mbili, watu wawili watembelee nyumba hiyo kabla ya wiki kwisha. Waende kusalimu na kusikiliza. Wasianze na mchango, na ikiwezekana wasiutaje kabisa siku hiyo. Sababu ni nyingi: ugonjwa, aibu ya kukosa nguo au pesa, ugomvi na jirani ambaye sala iko kwake, mume anayekataza, kazi ya usiku, au neno kali lililosemwa na kiongozi miaka miwili iliyopita. Wengine wamejiunga na kanisa lingine kwa sababu huko mtu aliwauliza, "Habari ya mgonjwa?" Wakirudi, wageni wetu wawili waeleze jumuiya kile kinachoweza kusemwa, na cha siri wakitunze.

*3. Msiruke hatua ya sita*

Wengi wetu tunasali kwa njia ya Hatua Saba iliyotungwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma Neno, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana. Halafu, kwa sababu giza linaingia, tunaruka mpaka hatua ya saba, sala za kufunga, na chai. Hatua ya sita ndiyo ya kuzungumza juu ya kazi ambayo Bwana anatutaka tufanye. Tukiiacha, sala yetu haina miguu.

Ipeni hatua ya sita dakika 15. Muulize maswali matatu: Kazi ya wiki jana ilifanyika? Kuna jambo gani kijijini linalotuumiza sasa? Nani atafanya nini, na lini? Katibu aandike majina. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyewasaidia sana watu wazima kujielimisha, alifundisha kwamba watu huamka na kutenda juu ya jambo linalowagusa rohoni. Kwa hivyo msichague kazi ya wiki kutoka kichwa cha Mwenyekiti. Sikilizeni watu wanazungumza nini kisimani, sokoni na kwenye matatu. Hapo ndipo nguvu ya kikundi ilipo.

*4. Hesabu isomwe mbele ya watu*

Pesa zikikaa gizani, hata mtu mwaminifu hushukiwa. Kila mwezi mweka hazina asome, kwa sauti, mambo manne: tulikuwa na ngapi, tumepata ngapi, tumetumia ngapi, zimebaki ngapi. Kwa mfano: tulikuwa na shilingi 650. Nyumba 18 zimetoa shilingi 100 kila moja, hizo ni 1,800. Jumla 2,450. Tumetumia 800 kwa nauli na dawa ya mgonjwa, na 250 kwa mishumaa na sabuni ya kanisa, jumla 1,050. Zimebaki 1,400. Kazi hii haizidi dakika tano, na inaponya manung'uniko ya mwaka mzima.

Majina ya wasiotoa yasisomwe mbele ya watu. Pesa zihesabiwe na watu wawili, wa tatu aandike. Kila matumizi yawe na risiti au sahihi ya aliyepokea. Siku hizi pesa nyingi zinapita kwa simu, na hapo ndipo taabu imeingia. Pesa za jumuiya zisichanganywe na za mtu binafsi kwenye laini yake. Zikifika kiasi mlichokubaliana, zipelekwe kwenye akaunti ya kikundi ambayo hutoi pesa bila sahihi za zaidi ya mtu mmoja. Mfuko wa parokia nao uko chini ya taratibu: kifungu cha 537 cha Sheria ya Kanisa kinataka kila parokia iwe na baraza la fedha la kumsaidia paroko. Tukijifunza kusoma hesabu jumuiyani, tunapata watu wa kukaa katika baraza hilo.

*5. Mlee atakayekufuata*

Kiongozi mzuri anapimwa siku akisafiri. Akiondoka wiki mbili na sala, hesabu na wagonjwa viendelee, huyo amelea. Kila kitu kikisimama, amejenga jina lake tu. Fuateni hatua nne na msaidizi wako: kwanza anakuangalia ukifanya, pili mnafanya pamoja, tatu anafanya na wewe unamwangalia, nne anafanya peke yake na kumfundisha mwingine. Muda wa uongozi uandikwe. Miaka mitatu inatosha kwa wengi, na anayetoka akabidhi daftari, risiti na funguo mbele ya watu wote, halafu ashukuriwe. Mtu aliyetoka vizuri hubaki mshauri. Aliyesukumwa hubaki mpinzani.

Kwa vikundi vingine vya kujisaidia

Kama kikundi chenu ni cha maji, cha kuku, cha miche au cha kuchangiana pesa kwa zamu, somo ni hilo hilo. Fanyeni zoezi la punje. Fungueni katiba ya kikundi mwone kama inasema lolote kuhusu kumtembelea mwanachama kabla ya kumtoza faini. Kama haisemi, ongezeni. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kikundi cha watu watatu waliochoka hakitamaliza mtaro.

Mpango wa miezi mitatu

Mwezi wa kwanza: fanyeni igizo na zoezi la punje, halafu tembeleeni nyumba zote zisizofika. Mwezi wa pili: gaweni kazi mpya na wasaidizi, anzeni hatua ya sita, someni hesabu ya kwanza. Mwezi wa tatu: rudieni zoezi la punje. Mlinganishe na la kwanza. Msihesabu vichwa tu. Hesabuni pia ni watu wangapi wana punje, na ni wagonjwa wangapi tuliwajua kabla ya jirani kuja mbio.

Maswali ya kufunga

1. Ni nani katika jumuiya yetu ameandikwa "hajafika" mara tatu? Nani atakwenda kwake, na siku gani?
2. Ni nani amekuwa akilalamika, na tunaweza kumpa kazi gani?
3. Mwenyekiti wetu anabeba mzigo gani ambao mwingine anaweza kubeba kuanzia wiki ijayo?

Sala

Ee Baba, umetuita kuwa familia yako katika kijiji hiki. Uwape nguvu viongozi waliochoka, uwape moyo wanaoogopa kuanza, na utufungue macho tumwone ndugu ambaye kiti chake ni kitupu. Utufundishe kugawana mzigo na kugawana mkate. Tunaomba kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Kabla ya kuachana, katibu asome kwa sauti majina ya wale wawili wanaokwenda kutembelea, nyumba wanayokwenda, na siku yenyewe.